Pole za Mwezi wa Sita

Habari ya kifo cha baba ilinifikia Farsta, pembezoni mwa Stockholm, kwenye foleni ya kulipia, mkono mmoja nimeshika kopo la samaki wa siki na mkono wa pili nimeshika simu. Binamu yangu aliyeko Tanga alikuwa ameandika kwenye kundi la familia kwamba mzee ametutoka alfajiri na atazikwa baada ya adhuhuri, akaongeza vile vichwa vya njano vinavyolia. Chini yake ndugu walishaanza kumimina rambirambi, na katikati ya rambirambi hizo kuna aliyeuliza kama kuna mtu anamjua fundi mzuri wa paa. Nikasoma. Msichana wa kwenye mashine akaniuliza kwa Kiswidi kama nina kadi ya duka, nikasema ninayo, nikaitoa, nikalipa, nikatoka na samaki wangu. Nilikaa kwenye benchi mbele ya stesheni, na kabla ya huzuni zikanipanda hasira. Kifo chenyewe sikukikasirikia. Baba alikuwa mzee sana, na mara ya mwisho nilipomwona alinikumbatia kwa namna ya mtu anayefunga safari. Nilikasirikia jinsi nilivyoambiwa. Hivi ndivyo mtu anavyoambiwa siku hizi kwamba hana baba, amesimama peke yake kati ya watu wanaonunua maziwa.

Haikupita dakika ujumbe wa pili ukaingia, huu wangu peke yangu. "Dada Mwajuma, mwambie Hamisi. Sisi hatumpati, na wewe ndiye mkubwa." Hamisi ni mdogo wangu, ndugu yangu wa pekee wa tumbo moja. Anaishi Bologna, kule Italia, na alijitoa kwenye kundi la familia baada ya ugomvi wa minazi ambao siku moja nitauandika kama nitakuwa na nguvu. Namba yake ninayo. Kidole kilishafika juu ya jina lake. Lakini nilikumbuka mwaka wa sabini na tatu, mwaka tuliokwenda likizo kwa treni, nikairudisha simu mkobani.

Mwaka ule tulikaa Hagsätra, mwisho wa reli ya mjini Stockholm, kwenye nyumba ya ghorofa iliyokuwa na harufu ya vitunguu vyetu na kahawa ya majirani. Nilikuwa na miaka kumi na minne, Hamisi ana sita. Nilikuwa mtoto wa kushuku, na sijabadilika. Ukinipa zawadi pasipo sikukuu nitaigeuza kwanza nitazame chini yake. Tabia hiyo haikutoka hewani. Nyumba ile kuta zake zilikuwa nyembamba, na mimi nililala upande wa jikoni, ambako wazazi walizungumza wakidhani tumelala. Majira ya kuchipua mama alikuwa ameanza kazi ya kufua mashuka hospitalini, na jioni mbili kila wiki akaenda kusoma Kiswidi. Baba hakupenda. Alikuwa fundi wa mitambo ya umeme, mtu mpole mbele za watu, lakini jikoni alisema nyumba imegeuka stesheni, kila mtu anapita tu. Mama akamjibu kwamba hata yeye ana miguu ya kupita. Ndipo nikamsikia baba akisema kwa sauti ya chini, ile ya mtu aliyekasirika kweli: "Kama maisha haya yamekushinda, Zuhura, sema. Nitakurudisha kwenu." Kisha bomba la maji likafunguliwa na sikusikia zaidi. Lakini hilo nililolisikia lilinitosha. Kwetu mwanamume akimrudisha mke kwao humfikisha mwenyewe, anamkabidhi kwa wakubwa wake kwa heshima zote, anakunywa chai, anaondoka. Sasa kwao mama ni Tanga na sisi tuko Hagsätra, nikawa najiuliza atamfikishaje. Nilianza kulala nikiwa na jambo moja tu kichwani: asije akaniondolea mama.

Shule zilipofungwa, baba akabadilika siku moja, kama mtu aliyevua shati na kuvaa lingine. Alirudi kutoka kazini mapema, akamkuta mama anaosha vyombo, akamwondoa kwenye beseni na kuviosha yeye. Baba! Mtu ambaye hata kikombe alichonywea alikuwa akikitazama kama cha jirani. Mama akacheka, akamuuliza kama amegonga kichwa. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekaa mezani nakwangua karoti, na niliona kwamba anavisuuza vyombo ambavyo vilishasuuzwa. Kesho yake akasema tusiende kwenye mkutano wa Jumamosi, ambako Watanzania wa mjini hukutana katika ukumbi wa kuazima wakala wali na kubishana siasa, mkutano ambao mama aliupenda kuliko kitu chochote Stockholm. Akasema amechoka. Tusipoenda sisi, watu wakaanza kuja kwetu. Alikuja mke wa mwanafunzi mmoja na bakuli la maandazi, akamshika mama mkono kwa muda mrefu, akasema, "Pole, dada. Pole na kazi." Akaja bwana mwingine na mkewe, nao hivyo hivyo: "Pole. Poleni sana na baridi." Baridi ya wapi? Ulikuwa mwezi wa sita, jua halitaki kuzama, majirani Waswidi wamejilaza kwenye nyasi na chupi za kuogelea. Mama akajibu "Tumeshapoa" kwa adabu, na walipoondoka akabaki amesimama mlangoni anatazama ngazi. Mimi machale yakanicheza. Nilijua kwamba mji mzima una jambo na mama, na kwamba ni sisi tu tusiolijua. Nikaliunga na yale ya jikoni, likaungana vizuri mno. Wanampa pole kwa sababu anarudishwa kwao.

Aliyenithibitishia, au hivyo ndivyo nilivyomwelewa, ni Mzee Mukasa. Huyu alikuwa Mganda, Mkristo, rafiki wa baba tangu alipokimbia kwao na kuja kufanya kazi ya kusafisha mabehewa usiku na kusoma mchana. Alimshuku kila mtu. Hakukaa mkahawani akiwa ameupa mlango mgongo, na mtu akimwuliza kwa salamu tu anakaa wapi, alitaja mtaa mwingine. Nilimpenda kwa hilo. Jumapili moja alikuja, akajifungia jikoni na baba, wakazungumza Kiingereza, na katika nyumba yetu Kiingereza kilikuwa cha kuwaficha watoto na mama. Nilikaa kwenye korido na soksi za Hamisi nikijifanya natafuta jozi. Nilishika neno moja moja: dada yake, Roma, ndege, usimwambie. Mzee Mukasa alipotoka akanikuta pale. Akainama akavaa viatu taratibu sana, akasema bila kuniangalia, "Wewe mutoto uko na masikio. Sikiza basi. Hii safari mutaenda, usimuache mama yako peke yake hata kidogo. Akienda kuosha uso, enda naye." Nikamuuliza safari gani. Akanigusa kichwa, akashuka ngazi. Jioni ile ile, mbele ya sahani za ugali wa unga wa semolina, baba akatangaza kwamba tunakwenda likizo. Tutapanda treni kutoka Stockholm mpaka Roma kwa Mama Mkubwa Zainabu, dada yake mama, ambaye mama alikuwa amemwomba baba miaka mitatu ampeleke na baba akasema Roma si Pongwe, pale nje ya Tanga. "Kwenda kwa treni, kurudi kwa ndege," akasema, na Hamisi akapanda juu ya kiti akapiga kelele, "Semester! Vi ska flyga!" yaani likizo, tutapanda ndege, maana yeye alituzungumzia Kiswidi hata akiota, na kupanda ndege ndiyo ilikuwa dua yake ya kila siku. Baba ambaye aliwacheka Waswidi wanaokwenda Uhispania kuungua jua kwa hiari yao! Nilimtazama mama. Alikuwa anatabasamu, lakini mkono wake ulikuwa umesimama juu ya mchuzi.

Tulisafiri na nyumba nzima. Mama alikuwa na imani kwamba kutoka Malmö, mwisho wa Uswidi, kwenda kusini hakuna kinacholika, kwa hiyo alipika chapati za kujaza mfuko, kuku wa kukaanga, mayai ya kuchemsha, na chupa mbili za chai. Mbaya wake alikuwa nguruwe. Alimshuku kila mahali: kwenye supu, kwenye mkate, kwenye biskuti za watoto, na silaha yake ilikuwa neno moja la Kiswidi alilojifunza siku ya kwanza madukani, "Fläsk?" Alilitumia kama neno la dunia nzima. Aliwauliza Wadenmaki kwenye meli, ile inayobeba treni tumboni, akawauliza Wajerumani Hamburg, na kila walipomwangalia bila kuelewa alirudisha chakula na kusema, "Unaona? Wanaficha." Kwa kweli ilikuwa raha, na nikiikumbuka sasa nacheka peke yangu benchini, lakini wakati ule sikujiruhusu raha. Nilimfuata mama kila alikokwenda. Akienda kuosha uso, nipo. Akisimama dirishani kwenye ujia wa behewa, nipo pembeni yake, mpaka akaniuliza kama nimekuwa polisi. Na kweli polisi tuliwapata, mpakani. Ofisa wa Kijerumani aliziangalia pasipoti zetu, akaondoka nazo, akarudi na mwenzake, wakamlinganisha baba na picha yake kwa muda mrefu kuliko walivyomwangalia Mjerumani yeyote ndani ya chumba kile. Wakati mwingine baba angenyooka na kuwauliza kwa sauti ya kiwandani kama wamepoteza kitu. Safari hii alisubiri tu, mikono juu ya magoti, anamtazama mama, kana kwamba pasipoti ni za watu wengine. Nikaliweka na hilo kwenye hesabu yangu.

Kitu kingine ni zawadi. Mama alianza kununua zawadi za bibi, yaani mama yake aliyeko Tanga, tangu Copenhagen. Kule alinunua kijiko kirefu cha kukorogea. Hamburg akanunua sabuni yenye harufu ya waridi. Alisema Mama Mkubwa lazima anamjua mtu wa kwenda nyumbani, atampa apeleke. Baba kwa desturi hakununua hata kibiriti bila kugombana na bei, na zawadi za ukweni zilimpa maumivu ya tumbo. Sasa kila mama aliponyoosha kidole, baba alilipa kabla muuzaji hajamaliza kusema, kisha akageuka kutazama saa ya stesheni. Mama alimtazama kisogoni. Nami nilikuwa nawatazama wote wawili, na niliona kwamba mama haulizaulizi tena. Mtu wa kuuliza nguruwe mpaka kwenye peremende hamuulizi mumewe kwa nini amekuwa mkarimu ghafla. Nikadhani ameshaanza kuogopa jibu.

Munich tulibadilisha treni. Baba akasema anakwenda kupiga simu kumweleza Mama Mkubwa saa ya kufika, na alipochelewa mama akanituma nikamwite. Siku zile simu ya mbali ilikuwa ya kupayuka, na kibanda kile cha vioo hakikuzuia kitu. Nilisimama nyuma yake. Alikuwa ameupa mlango mgongo, jambo ambalo Mzee Mukasa asingelifanya. "Ndiyo, shemeji! Yupo, hajambo, hajui kitu!" Akasikiliza. "Hapana, sipandi ndege mimi. Atapanda yeye na wewe. Mimi na watoto tunarudi zetu Stockholm." Akaegemeza paji la uso kwenye kioo. "Nitamkabidhi kwako kwa mkono wangu. Usimwambie kitu mpaka nifike naye."

Basi. Nilirudi mbio mpaka kwenye behewa. Kila kitu kilikuwa kimesemwa wazi na baba mwenyewe, hata lile fumbo la ndege: kwenda kwa treni sote, kurudi bila mama. Nilimchukia baba tangu Munich mpaka milimani, na chuki ya mtoto haina uvivu. Alinimenyea yai, nikalikataa. Akamweka Hamisi mapajani akamwonyesha mahandaki, Hamisi akihesabu kwa Kiswidi, nami nikamwona mnafiki mwenye masharubu. Treni ilipokuwa inashuka upande wa Italia, mashamba ya zabibu yameanza, mama akasimama kwenye ujia kunyoosha mgongo. Nikamfuata na kufunga mlango wa chumba nyuma yangu. Nilimwambia yote. Nilimwambia ya jikoni, ya Mzee Mukasa, ya simu. "Mama, baba anakurudisha. Anakukabidhi kwa Mama Mkubwa, mnapandishwa ndege. Tushuke. Stesheni inayofuata tushuke, mimi na wewe na Hamisi." Nilikuwa nalia. Mama hakulia. Alinisikiliza akiwa ameshika chuma cha dirisha, na nilipofika kwenye maneno ya baba simuni akafumba macho kidogo. Kisha akanifuta uso kwa ncha ya mtandio wake.

"Umemwambia mtu mwingine?"

"Hapana."

"Hamisi?"

"Hapana, mama."

"Basi nyamaza. Mwache baba yako atufikishe."

"Lakini mama—"

"Mwajuma. Nimesema mwache atufikishe."

Verona treni ilisimama muda mrefu, na kwenye jukwaa kulikuwa na mama mmoja anauza mashali ya sufu, jua kali vile. Mama akashuka. Akachagua shali la rangi ya zambarau, akalipima mabegani mwake, akaliweka shavuni. Akasema kwa sauti, ili baba asikie, "Hili la mama. Baridi ya alfajiri inamsumbua." Baba alikuwa mlangoni mwa behewa. Aliulizwa na yule mwuzaji kitu kwa Kiitaliano, akatoa noti, hakuchukua chenji. Mama akalikunja shali lile mara nne, akapanda, akaliweka juu ya magoti, na hakulitoa magotini mpaka Roma.

Mama Mkubwa Zainabu alitupokea stesheni na miwani myeusi. Alikuwa ameolewa na Msomali aliyekuwa fundi magari, Baba Mkubwa Abdi, mtu mrefu aliyeongea Kiswahili cha Mombasa na Kiitaliano cha kutukana madereva. Nilimpa Mama Mkubwa shikamoo, akaitika bila kuniona. Kwenye gari hakuna aliyeongea isipokuwa Hamisi, aliyetaka kujua kama ndege ni kesho. Tukapanda ngazi za jengo bovu lenye harufu ya mikate, kwani chini kulikuwa na tanuri. Mlango ukafunguliwa. Nilikuwa nimejiandaa kwa sofa na chai na wakubwa wamekaa kwa heshima wakingoja kukabidhiwa mke. Sebuleni hakukuwa na kiti hata kimoja. Viti vyote vilikuwa vimerundikwa kwenye veranda, mikeka imetandikwa ukuta hadi ukuta, na juu ya mikeka wamekaa wanawake wa Kisomali nisiowajua, vichwa vimefunikwa, wameinamisha nyuso. Hata mimi, mtoto wa Hagsätra, nilikuwa nimeshaona chumba kama kile, kwetu, kabla hatujaondoka. Chumba kisicho na viti kina maana moja tu.

Mama alisimama kizingitini. Akavua viatu, akavipanga. Akavuta mtandio kichwani. Kisha, kabla mtu hajamshika mkono, akaingia na kukaa chini mkekani, shali mapajani, akamtazama baba.

"Haya," akasema. "Tumefika. Nambie."

Baba alichuchumaa mbele yake. Mtu yule aliyenifundisha mimi kusoma akawa anakunja na kukunjua ncha ya mkeka. Ni mama aliyemsaidia. "Mama, eh?" Baba akaitikia kwa kichwa. "Lini?" Akamwambia: ni siku ile ile aliyoosha vyombo. Simu ya maandishi, telegramu, ilikuwa imemfikia kazini. Ndugu walijua desturi, hawakuituma nyumbani. Hapo Mama Mkubwa akatupa miwani, akapiga ukemi, mama akamwangukia, na wanawake wale wasiomjua wakamshika mgongoni na mabegani wote kwa pamoja, kama watu waliokuwa wakimngojea miaka. Nilielewa kwa mkupuo: maandazi, pole za baridi, mkutano tuliokatazwa, Mzee Mukasa na kuosha uso. Hagsätra nzima isingeweza kumpa mama watu wa kumshika namna ile. Dada yake angeweza. Baba alikuwa amekwenda kumtafutia mtu wa kumlilia, hata kama mtu huyo yuko mwisho wa Ulaya.

Lakini msinione nimelainika mara moja. Usiku na mchana wa siku zile Roma, tukila tambi na ndizi kama wanavyokula Wasomali, niliendelea kushuku. Sawa, kuna msiba. Sawa, dada wawili watapanda ndege waende kwenye arobaini. Lakini maneno ya jikoni aliyasema baba kabla ya msiba wowote, na mtu aliyefika kwao anaweza akabaki. Mbona ndege ni ya kwenda tu katika mazungumzo yao, hakuna anayetaja kurudi? Uwanja wa ndege tulipandishwa kwenye roshani ya kuagia. Hamisi alikuwa amegoma kuongea tangu aambiwe kwamba ndege si yake. Mama alinivuta pembeni. Nilimuuliza wazi: "Utarudi?" Hakuniapia, hakunikumbatia kwa machozi. Alisema, "Koti langu la baridi lina doa kwenye mkono wa kushoto. Lipeleke kwa dobi kabla ya mwezi wa tisa, wakati huo foleni inakuwa ndefu." Kisha akaenda, na shali la zambarau mabegani mwake. Nililipeleka koti siku ya pili tu baada ya kufika nyumbani. Alirudi majani yalipoanza kuwa mekundu, akalivaa palepale kwenye korido kulijaribu, na jioni akarudi kwenye darasa lake la Kiswidi. Baba alimsindikiza mpaka stesheni ya treni. Neno la kurudishwa sikulisikia tena kupitia ukuta ule, na masikio niliyatega, msidhani sikuyatega.

Ni mwaka huo huo, tunamenya viazi, mama aliponiambia kwamba alijua tangu Hamburg, kwenye sabuni. "Baba yako kulipia sabuni ya waridi ya mama yangu bila kukunja uso? Nikajua mama hayupo." Nikamuuliza kwa nini basi aliendelea kununua, kwa nini hakumwuliza. Alikata kiazi, akakitia majini. "Nilikuwa nanunua ili asiniambie," akasema. Na baba naye, miaka mingi baadaye, mama akiwa ameshatangulia na yeye amerudi kuzeekea Tanga, nilimkabili barazani kwake. Nilimwambia alitutesa. Kama shida ilikuwa kumfikisha kwa dada yake, si angempandisha ndege kutoka Stockholm, afike siku hiyo hiyo? Kwa nini treni, na mipaka yote ile, na polisi? Alifikiri sana, akiwa anajipepea na gazeti. "Ndege inafika upesi mno," akasema. "Nilitaka awe na mama siku chache zaidi." Sijutii kumshuku. Mtu anayebeba jambo kama lile kwa siri lazima ashukiwe, vinginevyo hakulibeba sawasawa. Lakini tangu siku ile sijawahi kumwona mtu mwingine aliyenunua tikiti ya treni kwa sababu hiyo.

Yote hayo niliyafikiri Farsta, kopo la samaki linapata joto kwenye mfuko. Baba alikuwa anazikwa wakati ule ule; hapakuwa na ndege ya kuwahi wala sababu ya kukimbia. Nikaitoa simu, nikampigia Hamisi. Nilisikia bomba la maji linatiririka na sahani zinagongana kwake. Anasafiri kwa treni maisha yake yote, yule. Ndege aliisusia Roma akiwa na miaka sita na hawajapatana.

"Hamisi, nataka kuja kukutembelea."

"Lini?"

"Naondoka kesho."

"Kesho! Vad är det?" akaniuliza, maana kwenye simu hutumia Kiswidi tu, mwanzo mpaka mwisho. "Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Likizo tu."

Akacheka. "Wewe? Semester? Hujawahi kwenda likizo tangu nikufahamu. Utafika saa ngapi, nije uwanja wa ndege?"

"Siji na ndege," nikasema. "Nakuja na treni."

Bomba likafungwa. Nilisubiri. Nilisikia kiti kinavutwa, na mtu mzima akikikalia kwa uzito wake wote. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimwambie, hapo hapo, mbele ya watu wanaongoja treni za mjini na mifuko yao, nilipomsikia anavuta pumzi. Alipoongea alitumia Kiswahili, ambacho nilikuwa sijamsikia akikiongea tangu tulipomzika mama.

"Basi usiniambie kitu, dada," akasema. "Njoo. Nitakupokea stesheni. Na usifanye haraka."